Kanuni ya Sufuria

Mke wa mwenyekiti hubandika maji ya kuoga ya mumewe mara tu daraja linapolia. Uchochoro wa nyuma ya duka la dobi ukilia, anapunguza moto na kutafuta taulo. Ngazi zikilia, anaepua, anachanganya na maji ya baridi kwenye ndoo na kujaribu kwa kiwiko, na kabla hajajifuta mkono mlango unagongwa, mumewe anaingia. Zamani, kabla ya mambo haya, maji yalikuwa ama yamepoa ama hayajachemka, na mume alikuwa akinuna mpaka wakati wa kulala. Sasa nyumba imetulia.

Daraja ni lile la waenda kwa miguu linalovuka reli. Uchochoro ni ule ambao dobi humwagia maji ya sabuni. Ngazi ni za jengo lenyewe, pale zinapokata kona kati ya ghorofa ya kwanza na ya pili. Kinacholia hapo ni sauti za wanawake watatu waliokabwa sehemu hizo, kila mmoja siku yake. Wanawake wenyewe wapo, wanakwenda sokoni na kurudi, lakini sauti zao zilibaki pale pale walipokabwa, na hulia tu mwenyekiti anapopita. Mbwa akipita, kimya. Askari akipita, kimya zaidi.

Inabidi kwanza kueleza kanuni ya sufuria, maana bila hiyo mtu atadhani wakazi wa jengo hili ni watu wabaya. Si wabaya. Ni watu wa kufuata utaratibu, na hilo ndilo linaloudhi.

Palikuwa na kelele nyingi. Mlevi mmoja wa chini alikuwa na tabia ya kusimama ngazini kila akilewa na kuomba msaada, na watu wakitoka mbio wanamkuta anataka kufunguliwa kifungo cha shati. Watoto nao walikuwa wakicheza mchezo wa kutekwa nyara. Watu walichoka kutoka bure. Basi kikaitishwa kikao uani, chini ya kamba za kuanikia nguo, na mwenyekiti wa kamati ya ulinzi akatoa hoja. Mwenyekiti huyu kazi yake ni kusoma mita za maji. Ni mtu mpole, shati limechomekwa, kila mlango wa mtaa anaufahamu na kila mbwa anamfahamu. Alisema mtu mwenye shida ya kweli agonge sufuria. Sufuria ikisikika, kila mmoja atoke. Bila sufuria, mtu asijisumbue.

Watu walipiga makofi. Mama Mapacha wa ghorofa ya kwanza aliuliza, je, mtu akipatwa na jambo akiwa mbali na jiko lake? Mwenyekiti alisema hilo ni swali zuri sana, kisha wakaingia kwenye ajenda ya takataka.

Sasa, Kipaza. Hilo ni jina la utani, alipewa kazini. Alikuwa mtangazaji wa stendi ya mabasi, yule anayewaambia abiria wa kaskazini waende mlango wa pili na mwenye mzigo wa bluu arudi kuuchukua. Umeme ukikatika alikuwa akitoka nje ya kibanda na kutangaza kwa mdomo mtupu, na madereva waliokuwa wanarudi nyuma walisimamisha mabasi. Alikaa ghorofa ya pili, peke yake, na hakuwa na ugomvi na mtu.

Jioni hiyo alirudi akiwa na mkate chini ya kwapa na mwavuli mkononi. Taa ya pale kwenye kona ya ngazi haikuwepo, si kwamba iliungua, haikuwepo kabisa, palibaki kishikio tu. Akapanda kwa kupapasa. Mkono ulimpita shingoni kutoka nyuma, mkono wa shati refu wenye harufu ya kutu na udongo mbichi, ukakaza. Kipaza alipata nafasi ya kupiga kelele na aliitumia yote. Alisema, "Jamani, fungueni!" kwa sauti ile ile ya kusimamisha mabasi.

Jengo zima lilisikia. Mama Mapacha alisikia, akasimama nyuma ya mlango akiwa ameshika komeo, akisubiri sufuria. Mzee jirani yake, anayetengeneza redio mbovu na anayeitwa Babu wa Redio, alipunguza sauti ya redio ili sufuria ikigongwa isimpite. Mke wa mwenyekiti, juu kule ghorofa ya tatu, alisikia na kuacha kukatakata vitunguu. Wote walisubiri kwa makini kabisa. Lakini Kipaza alikuwa na mkate na mwavuli, na hakuna kati ya hivyo viwili kinacholia kama sufuria.

Mkono ulipomwachia, sauti ilikuwa imekwishamtoka na kuingia ukutani. Mkate ulikuwa umefika chini kabisa, mlangoni. Kesho yake mwenyekiti alinunua balbu kwa fedha zake, akapanda juu ya stuli na kuifunga mwenyewe. Watu walimshukuru sana.

Kipaza aliamka akiwa hana hata mguno. Akikohoa, anakohoa hewa. Maumivu ya shingo yalipungua, alama zikafifia, lakini mlango wa jikoni ukijifunga kwa upepo alikuwa akikaa chini sakafuni na kubaki hapo mpaka miguu ife ganzi. Meneja wa stendi alimpa likizo mpaka mwisho wa mwezi. Alisema anamwonea huruma, lakini abiria wa kaskazini wameanza kwenda kusini, na hawezi kuwaeleza matajiri wa mabasi kwamba mtangazaji wake amebaki ngazini.

Mdogo wake akahamia kwake ili awe anamsemea. Huyu mdogo mtu alikuwa muuzaji kwenye duka la miwani, msichana mwenye mdomo, asiyekubali kuonewa hata na mlango wa kabati. Jioni ya kwanza tu, akiwa anapanga nguo zake, alisikia ukuta wa ngazi unapiga kelele "Jamani, fungueni!" kwa sauti ya dada yake. Alitoka mbio. Alimkuta mwenyekiti anapanda, mkoba wa kazi begani.

"Karibu jengoni," mwenyekiti alimwambia. "Hiyo usiishangae. Imezoea kulia muda huu."

Haikuwa imezoea muda. Mdogo mtu alikaa ngazini siku kadhaa, akimenya machungwa, na aliona jambo ambalo kila mtu jengoni alikuwa amekwishaliona na kunyamaza kama maji ya mtungi. Mwenyekiti akichelewa, sauti inachelewa. Mwenyekiti akirudi mchana kwa sababu kasahau tochi, sauti inalia mchana. Siku alipougua mafua na kulala ndani, ukuta ulikuwa ukuta.

"Ni yeye, dada," alisema. Kipaza alitikisa kichwa kukubali. Alijua tangu siku ya balbu, pale mwenyekiti aliponyoosha mkono juu na harufu ya kutu ikashuka.

Wakaenda polisi. Mpelelezi aliyewapokea hakuwa mtu mbaya naye. Aliwapa viti.

"Umeibiwa nini?" alimuuliza Kipaza.

"Hakuibiwa kitu, afande," alijibu mdogo mtu. "Alikabwa, sauti ikabaki."

"Kwa hiyo kapotelewa na sauti."

"Unaweza kusema hivyo."

"Aliipoteza wapi?"

"Ngazini, kwenye jengo letu."

"Na sasa hivi iko wapi?"

"Iko pale pale ngazini."

Mpelelezi akaweka kalamu chini. "Basi haijapotea," alisema.

Mdogo mtu alivuta pumzi. Alieleza upya, polepole, kama anavyowaeleza wateja namna ya kusafisha vioo. Mpelelezi alisikiliza, kisha akasema maelezo ya aliyekabwa hutolewa na aliyekabwa, kwa kinywa chake.

"Kinywa anacho. Sauti ndiyo hana."

"Basi akiipata aje. Milango iko wazi."

"Afande, mtu akikatwa miguu mnamwambia aje kuripoti kwa miguu?"

"Hiyo ni idara nyingine," alisema mpelelezi.

Walipigwa danadana mpaka soli zikalia. Njoo kesho, mkubwa hayupo, mkubwa yupo lakini kikaoni. Hatimaye mpelelezi alikubali kuja kuiona sauti. Alikuja mchana, akagonga ukuta kwa kidole, akauambia ujitambulishe. Ukuta haukusema neno. Mdogo mtu alimsihi asubiri mpaka jioni, akamletea kiti na chai, na kweli jioni mwenyekiti alipanda, na sauti ikalia juu ya kichwa chake mpaka vumbi la chokaa likamdondokea begani.

"Mwenyekiti, unaifahamu sauti hii?" aliuliza mpelelezi.

"Naifahamu sana. Inatukosesha raha. Nimeshaleta malalamiko ofisini kwenu."

Ni kweli alikuwa ameyaleta, na yalikuwa yamefika mbali kuliko ya Kipaza. Mpelelezi alimpa mkono, akamwomba radhi kwa ucheleweshaji. Mdogo mtu alibaki na birika mkononi. Usiku huo alilia kwa hasira, machozi yale yanayotoka mtu akiwa bado anagomba.

Wale wawili wengine aliwapata yeye mwenyewe. Akirudi kutoka dukani alipita darajani, na siku moja mwenyekiti alikuwa mbele yake. Daraja likalia, mlio mrefu usio na maneno. Mbele kidogo uchochoro nao ukasema, "Niache! Niache!" Akamuuliza dobi, akamuuliza muuza magazeti wa darajani. Wote walikuwa wanajua sauti hizo ni za nani. Ya darajani ilikuwa ya mwalimu wa chekechea, ambaye sasa alikuwa akiwafundisha watoto kuhesabu kwa kuwaonyesha vidole. Ya uchochoroni ilikuwa ya msusi mmoja aliyesifika kwa umbeya mtamu. Wateja walikuwa wamemkimbia. Kukaa kwenye kiti muda wote ule, kichwa kinavutwa na hakuna hadithi, nani anaweza?

Wakakutana kwa Kipaza, wakanywa chai. Msusi hakuweza kukaa bila ukuta nyuma yake. Mwalimu alikuwa ameanza kuvaa skafu hata kwenye joto, na kila baada ya muda aliilegeza, akaikaza, akailegeza. Hawakuweza kuambiana kitu, lakini msusi alimshika Kipaza shingo kwa vidole vyake vyepesi, akapapasa, akaonyesha pale pale kwenye shingo yake mwenyewe, na mwalimu akafungua skafu akaonyesha kwake. Mahali pamoja. Mdogo mtu ndiye aliyezungumza kwa niaba ya wote, akauliza na kujibu, akabishana mwenyewe mpaka akakaukiwa.

Mpelelezi alikuwa amesema matukio hayo hayahusiani. Daraja ni la polisi wa reli, uchochoro ni wa kituo kikuu, ngazi ni za kituo cha mtaa, na hakuna anayeyaunganisha mpaka mmoja wa walalamikaji aombe, kwa kinywa chake. Hapo tena wakarudi kule kule.

Ilibaki njia moja, na kila mtu anaijua. Sauti iliyobaki mahali humrudia mwenyewe siku itakapoitikiwa. Lazima iitikiwe na mtu aliyeisikia siku ile ile ilipotoka. Mgeni akiitikia ni kazi bure, mdogo mtu alishajaribu mpaka koo likamuuma. Si jambo gumu. Sauti ikilia, unafungua mlango, unasema nipo, au nimekuja, au abee. Neno moja tu. Kipaza angerudi kibandani kwake, na kabla ya hapo angepitia polisi na kusema yote kwa kinywa chake.

Mdogo mtu alianza na Babu wa Redio, aliyemkuta ameinamia redio iliyofunguliwa mgongo.

"Babu, wewe uliisikia."

"Niliisikia, mjukuu wangu. Nikudanganye ili iweje?"

"Basi iitikie. Leo jioni tu."

Babu alipuliza vumbi ndani ya redio. "Shida ni kwamba hailii mpaka apite yeye. Nikifungua nikasema nipo, nitakuwa nimesimama na nani pale ngazini? Mimi na yeye, macho kwa macho. Na kesho yake anakuja kusoma mita yangu."

"Kwa hiyo unaogopa bili ya maji."

"Naogopa mengi," alisema Babu. "Hilo la bili ndilo linalosemeka."

Mama Mapacha alimkaribisha ndani, akampa mtoto mmoja ambebe. Alisema tangu siku ile hajalala vizuri. Alisema anamwombea Kipaza. Lakini akiitikia leo, itakuwa amekubali kwamba siku ile alisikia.

"Si ulisikia, shoga yangu?"

"Nilisikia. Ila mpaka sasa hakuna aliyeniambia kwamba nilisikia."

Mdogo mtu alimrudisha mtoto kwa mama yake taratibu. Milango mingine ilisema hivyo hivyo kwa maneno yake, na mmoja ulisema umepika na chakula kinaungua. Kwa mke wa mwenyekiti hakufika. Alifika mlangoni tu, akasikia ndani ndoo inaburutwa, akashuka.

Ndipo ilipowajia habari ya sufuria. Hakuna aliyejua ni nani kati yao aliyeifikiria kwanza. Mdogo mtu alisema waliifikiria wote kwa pamoja huku wakiangalia jiko. Kanuni ni kanuni. Sufuria ikigongwa, watu sharti watoke.

Jioni hiyo Kipaza, msusi na mwalimu walisimama kwenye kona ya ngazi, mdogo mtu pembeni yao. Walisikia daraja kwa mbali. Mwalimu alishika skafu yake. Walisikia uchochoro, na msusi akaegemea ukuta. Kisha mwenyekiti akaanza kupanda, ukuta ukafunguka kwa "Jamani, fungueni!" na Kipaza akagonga sufuria kwa mwiko wa chuma, kwa nguvu zote za mtu ambaye hajasema kitu kwa muda mrefu.

Milango yote ilifunguka. Lazima isemwe kwamba ilifunguka haraka na kwa utaratibu mzuri. Watu walitoka na kandambili zao, wengine na vijiko, wakajaa ngazini juu na chini, na mke wa mwenyekiti akachungulia kutoka ghorofa ya tatu akiwa na taulo. Wote walikuwa wamesimama pale, sauti inalia, na mtu mwenyewe yuko katikati yao chini ya taa aliyoifunga kwa mkono wake.

Lakini kanuni hiyo hiyo ilisema sufuria ikigongwa, kikao kinaongozwa na mwenyekiti wa ulinzi. Mwenyekiti aliweka mkoba chini.

"Nani amegonga sufuria?" aliuliza.

Kipaza aliinua mwiko.

"Kuna shida gani?"

Kipaza alimnyooshea mwiko yeye. Msusi na mwalimu walimnyooshea vidole. Mwenyekiti alisubiri kwa upole. "Mwenye neno aliseme," alisema.

"Neno si hilo linalolia juu ya kichwa chako?" alisema mdogo mtu. "Ni wewe uliyewakaba. Wote watatu. Kila mtu hapa anajua, na mkeo anajua."

Mwenyekiti hakukasirika. Alimuuliza kama siku hiyo alikuwepo jengoni. Hakuwepo. Alimuuliza kama sauti hiyo aliisikia ilipotoka. Hakuisikia. "Basi binti yetu ni mgeni kwenye jambo hili," alisema. "Kwa haki kabisa, tuwaulize wenyeji. Aliyeisikia siku ile ainue mkono, aiitikie, na tumalize."

Kipaza aliwatazama mmoja mmoja. Hakuwa akitazama kwa hasira. Alikuwa akitazama kama mtu anayeshika mlango wa basi ili mwingine apande. Mkono wa Babu wa Redio uliinuka, ukafika usawa wa sikio, na hapo ukajikuna. Mama Mapacha aliinamia mtoto aliyekuwa amelala na kumbembeleza. Sauti iliita, ikaita. Walisimama chini yake kama watu wanaosubiri mvua ipungue, kisha mmoja akakumbuka jiko lake, na wengine nao wakakumbuka ya kwao.

Kabla hawajaisha, mwenyekiti aliwaomba dakika moja kwa ajili ya marekebisho madogo. Alisema sufuria ni kitu cha heshima na imeanza kutumiwa vibaya. Kuanzia sasa, sufuria ikigongwa, mtu asifungue mpaka amsikie mwenyekiti ametoka kwanza na kuthibitisha. Walikubali. Watu wawili hata walipiga makofi, kwa mazoea.

Likizo ya Kipaza ikaisha. Meneja wa stendi alimtafutia kazi ya kushika ubao wenye jina la mji, akisimama mbele ya basi husika, na kulikuwa na abiria waliomkumbuka na kumuuliza mbona siku hizi anaringa. Mdogo mtu aliendelea kwenda polisi kila alipotoka dukani. Aliapa hatachoka, na alikuwa amechoka.

Kisha ikaja jioni ambayo Kipaza alikuwa jikoni anachambua maharage. Daraja likalia. Uchochoro ukalia. Ngazi zikaanza, "Jamani, fungueni," kama kawaida, naye hakunyanyua kichwa. Kawaida sauti hiyo hunyamaza mwenyekiti akishapita kona. Safari hii haikunyamaza. Iliendelea, na ikaendelea, maana aliyekuwa akiifanya ilie alikuwa amesimama pale pale. Chini yake ikatoka sauti nyingine, ya kijana zaidi, yenye hasira kuliko hofu. Ilisema, "Dada!"

Maharage yalimwagika. Kipaza alifungua mlango, na ni vizuri ijulikane kwamba katika historia yote ya mambo haya ndiye mtu wa kwanza kufungua mlango bila kusubiri. Taa ya kwenye kona haikuwepo. Aligonga sufuria huku akishuka, aligonga kwenye nguzo ya ngazi, aligonga kwenye milango ya watu.

Jengo zima lilisikia. Wote walisimama nyuma ya milango wakiwa wameshika makomeo, wakisubiri mwenyekiti atoke kwanza. Mlango wa ghorofa ya tatu ulifunguka kidogo na mkewe akasema, kwa sauti ndogo iliyofika kila mahali, "Bado hajafika." Basi wakasubiri afike.

Alifika baada ya muda mfupi, akitokea gizani pale kwenye kona, anachomekea shati. Sauti mbili zilikuwa zinalia juu yake. "Nani amegonga sufuria?" aliuliza, na kwa kuwa sasa mwenyekiti alikuwa amesikika, milango ikafunguka.

Mdogo mtu alikuwa amekaa ngazini, kiatu kimoja kimetoka. Alimwona dada yake. Akafungua mdomo ule usiokubali kuonewa, na hakikutoka kitu. Ukutani ikaita tena, "Dada!"

Kipaza alikuwa ameisikia ilipotoka. Alikuwa amefungua. Katika watu wote wa jengo lile yeye alikuwa na haki kamili ya kuitikia, na neno alikuwa nalo. Alisimama mbele ya ukuta akavuta hewa kama alivyokuwa akivuta umeme ulipokatika stendi. Midomo yake ilisema nipo, mdogo wangu, nipo. Hapakusikika hata pumzi. Akagonga sufuria mara moja, polepole, karibu kabisa na ukuta. Sauti ilinyamaza kidogo kama mtu anayesikiliza. Kisha ikaendelea.

Mwenyekiti alisema kwa kuwa hakuna mwenye neno, kikao kimefungwa. Kesho yake alifunga balbu mpya. Mpelelezi alisema hili nalo lingekuwa rahisi kidogo kama yule binti msemaji angekuja kueleza.

Sasa dada wawili hao huacha mlango wao wazi kila jioni na kukaa mezani, hawawashi redio wala hawatoi kelele na vyombo, ili mtu akiitikia wasikose kusikia. Watoto wa Mama Mapacha wameanza kusema, na neno lao la kwanza limekuwa "dada", ingawa hawana dada. Babu wa Redio ametengeneza redio zote za jengo na zote hufunguliwa muda huo huo.

Mke wa mwenyekiti hafungui redio, maana anahitaji kusikia. Yeye ni mtoto wa kwanza kwao, na wadogo zake wote wamekua wakimwita dada, kwa hiyo sauti ile mpya humpata vibaya. Jioni moja daraja lililia, akabandika maji. Uchochoro ukalia, akachukua taulo. Ngazi zikalia, na ile ya pili ikaita "Dada!" kwa namna ambayo, kabla hajakumbuka yeye ni nani na yuko wapi, mdomo wake ulifunguka na "abee" ikafika kwenye ulimi. Ghorofa ya pili, Kipaza alinyanyua kichwa.

Mlango ukagongwa. Mumewe akaingia, akaketi, akaanza kufungua kamba za viatu. Mkewe alimtazama utosini. Akameza mate.

"Maji tayari," alisema.